Siku 5 ni nyingi, dakika 5 ni chache: kinga ya mtandao isubiri kwa muda gani?

Shehena inayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi au Uganda haisafiri peke yake. Huambatana na taarifa za kielektroniki zinazopita kati ya mawakala wa forodha, vituo vya mpakani na makao makuu ya nchi jirani. Taarifa zikikwama, lori nalo husimama. Mara nyingi lawama huelekezwa kwa kampuni ya simu, ilhali chanzo chaweza kuwa tarakimu moja tu ndani ya kinga ya mtandao, kifaa ambacho mafundi hukiita fayawoli.

Kazi ya kifaa hicho hufanana na ya bawabu mwenye daftari. Kompyuta ya ofisini inapofungua mawasiliano na seva iliyo nje, kinga huandika katika jedwali lake nani anawasiliana na nani. Majibu yanaporejea, hulinganishwa na jedwali hilo: yakiwa na kumbukumbu hupitishwa, yasipokuwa nayo hutupwa. Mawasiliano yakifungwa kwa utaratibu, kumbukumbu yake hufutwa baada ya muda mfupi.

Tatizo huanza pale upande mmoja unapotoweka bila kuaga. Umeme hukatika, simu hupoteza mtandao, au waya wa baharini hupata hitilafu, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024 kwa nyaya za EASSy na SEACOM, hali iliyodhoofisha intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani kadhaa. Kinga haiwezi kutambua iwapo upande wa pili umekatika au umenyamaza tu. Kwa sababu hiyo huwekewa muda wa kusubiri. Ukipita bila ujumbe wowote, kumbukumbu huondolewa.

Katika Linux, mfumo endeshi unaotumika ndani ya ruta na kinga nyingi, muda huo kwa mawasiliano ya TCP yaliyokwisha kukamilika kufunguliwa ni sekunde 432,000, yaani siku 5, iwapo fundi hakuubadilisha. Tuchukue jedwali lenye nafasi 65,536. Ikiwa kila baada ya sekunde 5 muunganisho mmoja hukatika bila kufungwa, katika siku 5 zitakusanyika kumbukumbu 86,400 za mawasiliano yaliyokufa. Jedwali litajaa kabla ya hapo. Dalili yake huwapotosha wengi: waliokwisha kuunganishwa huendelea na kazi, lakini wanaojaribu kuingia upya hushindwa.

Fundi aliyekumbwa na hali hiyo huweza kushawishika kupunguza muda hadi dakika 5. Hapo huzaliwa tatizo la pili. Karani aliyeunganishwa na hifadhidata ya makao makuu akiondoka dakika 10 kukagua mzigo, kinga humsahau. Akirejea na kubonyeza kitufe, ujumbe wake huonekana kuwa wa mgeni, na kinga nyingi huutupa kimya kimya. Programu huganda bila maelezo, naye hudhani mtandao umekatika.

Kati ya ncha hizo mbili upo mwongozo. Mwaka 2008, jopo la wahandisi wa intaneti la IETF lilielekeza kwamba vifaa vinavyobadilisha anwani za mtandao visisahau mawasiliano ya TCP yaliyo wazi kabla ya saa 2 na dakika 4. Sababu ni kwamba kompyuta nyingi, zinapotakiwa na programu kufanya hivyo, hutuma ishara ya uhai baada ya saa 2 za ukimya. Kwa muda huo, mfano wetu wa awali ungeacha kumbukumbu 1,488 tu.

Maswali mafupi ya kutafuta majina ya tovuti, yanayotumia UDP, hayahitaji subira ya namna hiyo. Linux huyapa sekunde 30, au 120 pale pande mbili zinapoendelea kujibizana. Hivyo si busara kuweka muda mmoja kwa kila aina ya mawasiliano.

Hatua ya kwanza, basi, ni kupima: katika saa za kazi nyingi, jedwali lina kumbukumbu ngapi ikilinganishwa na nafasi zake? Pili ni kupanua jedwali iwapo kifaa kina kumbukumbu ya kutosha. Ndipo muda upunguzwe, huku ishara ya uhai ikitumwa mapema kuliko ukomo huo.

Lakini ofisi moja haitoshi. Ujumbe wa kutoka Dar es Salaam hadi Kigali huweza kupita katika kinga kadhaa, na yenye subira fupi kuliko zote ndiyo huamua. Fundi wa upande mmoja aweza kuweka saa 2, lakini mwenzake akiweka dakika 5, karani wa mpakani ataendelea kukatwa. Kwa hiyo ofisi zinazobadilishana taarifa kila siku zinapaswa kukubaliana kuhusu tarakimu hiyo kabla ya malori kupanga foleni.