Difu ikivuja, usikimbilie kununua sili

MADOA ya oili chini ya lori kuukuu ni jambo ambalo madereva wengi wamelizoea. Katika gereji za jua kali za Kawangware, Kangemi na Dagoretti Corner, magharibi mwa Nairobi, difu ya nyuma inapovuja, mara nyingi mwenye gari hutumwa katikati ya jiji, Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan, akanunue sili mpya.

Hata hivyo, si ajabu oili kuanza kudondoka tena baada ya majuma machache. Hii ni kwa sababu sili iliyoharibika huenda ikawa dalili tu ya tatizo lingine.

Lori lililobeba mzigo linapopanda mwinuko wa Waiyaki Way kutoka Westlands kuelekea Uthiru, difu hupata joto na hewa iliyomo ndani hupanuka. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kutolea hewa hiyo. Kikizibwa na matope, shinikizo huongezeka na kuisukuma oili nje kupitia ukingo wa mpira wa sili. Kwa hivyo, fundi anafaa kuanza kwa kukisafisha kitundu hicho, kazi isiyohitaji kipuri chochote.

Jambo la pili ni kutambua oili inatokea wapi. Ikionekana mbele ya difu, pale propela shafti inapoungana nayo, sili ya pinioni ndiyo inayovuja. Lakini ikionekana upande wa ndani wa gurudumu, basi imepita sili ya habu, na huenda imelowesha lainingi za breki. Hapo lori halipaswi kuendeshwa. Lainingi zilizonyonya oili hazishiki vyema hata zikipanguswa, na ni lazima zibadilishwe. Dereva anayeteremka kuelekea Mai Mahiu akiwa na mzigo hawezi kufanya mzaha na jambo hilo.

Ikiwa ni sili ya pinioni, lori huegeshwa mahali tambarare na magurudumu kuwekewa vizuizi. Fundi huweka alama kwenye propela shafti kabla ya kuifungua, kisha kwenye nati ya pinioni, ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Baada ya kuondoa flenji, huipapasa kwa ukucha mahali inapogusana na sili. Akihisi mfereji, sili mpya haitadumu; flenji nayo ibadilishwe. Pia huitikisa pinioni. Ikicheza, beringi zimechakaa, na sili pekee haitasaidia.

Sili mpya hupakwa oili kwenye ukingo wake na kugongwa taratibu pande zote ili iingie ikiwa imenyooka. Nati hukazwa kwa kipimo cha kampuni iliyotengeneza gari. Ikikazwa kupita kiasi, beringi hubanwa na kuungua. Ikilegea, pinioni hucheza na meno ya gia kuvunjika.

Mwisho, oili ya gia ya aina iliyopendekezwa hujazwa hadi ifike kwenye tundu la kujazia.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye lori, ufa huo ni sili ya bei ndogo, nao ukuta ni difu nzima. Lakini kabla ya kuuziba, na aulize kwanza ni nini kilichoupasua.