Kutoka Huko hadi Hapo: Ngeli za Mahali katika Kueleza Konsoli ya Mbali ya Mashine Pepe

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza kazi ambayo fundi wa kompyuta wa Handeni au Korogwe, mkoani Tanga, aweza kuhitajika kuifanya akiwa mezani pake: kuifikia konsoli ya mashine pepe iliyo katika wingu. Hoja inayotetewa ni kwamba kauli "ingia kwenye seva" hufunika matendo mawili tofauti, ilhali sarufi ya mahali ya Kiswahili ina uwezo wa kuyatenga.

Handeni na Korogwe zinatenganishwa na barabara ya kilometa 65, lakini kwa seva ya wingu miji hiyo miwili iko mbali sawasawa. Mashine yenyewe yaweza kuwa Dar es Salaam, au Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake vya wingu mwaka 2020. Asemaye "seva iko winguni" hutumia ku- kwa usahihi kamili: ni mahali kusikodhihirika. Neno "pepe", kwa upande wake, lina kasoro. Kwa mkulima, pepe ni punje tupu isiyo na kiini, hali mashine pepe si tupu. Imegawiwa kumbukumbu, diski na sehemu ya kichakato cha kompyuta mwenyeji, na huendesha mfumo wake kama kompyuta nyingine yoyote. Hata hivyo istilahi hiyo imekwisha kuzoeleka, na kuipinga sasa hakuna tija.

Tatizo kubwa limo katika "kwenye". Kihistoria kiambishi cha mahali kilichoungana na -enye kilikuwa na sura tatu, yaani penye, kwenye na mwenye. Katika mazungumzo ya leo "kwenye" imemeza karibu kazi zote za wenzake. Kiambishi -ni nacho hakitofautishi chochote chenyewe: "mashineni" hupata maana kamili kutokana na upatanisho tu, kwa pale, kule au mle. Jambo hili lina uzito wa pekee katika wilaya hizi, kwa kuwa wengi wa wasemaji wake wamekulia katika Kisambaa, Kibondei au Kizigua, lugha ambazo huweka alama ya mahali mbele ya nomino. Kwao tofauti hiyo husikika mwanzoni kabisa mwa kirai.

Matendo yenyewe ni haya. Kwa itifaki ya SSH, fundi hupitia mtandao wa mashine yenyewe. Sharti mfumo uwe umewaka, anwani iwe sahihi, na kanuni za kuzuia miunganisho zimruhusu. Akipita, yumo ndani. Kwa konsoli njia ni nyingine: programu inayoendesha mashine pepe katika kompyuta mwenyeji humkabidhi skrini na kibodi, au mkondo wa maandishi matupu. Hapo hayumo ndani bado. Yupo mbele ya mashine, kama aliyeketi mezani pake, na aweza kuiona ikiwaka tangu mstari wa kwanza. Mtandao wa mashine ukiwa umekatika, konsoli haiathiriki. Konsoli ya maandishi, ambayo Amazon iliiongeza katika huduma yake ya EC2 mwaka 2021, ina faida ya ziada kwa mahali penye mawimbi hafifu, kwa kuwa herufi ni nyepesi kusafirishwa kuliko picha ya skrini.

Tuseme fundi wa Handeni amebadili kanuni za kuzuia miunganisho, na kwa kosa la mstari mmoja amejifungia nje. Akiwa amefundishwa kwamba "kuingia" ni kitendo kimoja, kushindwa kwa SSH kutamaanisha kwamba mashine imepotea. Ataifuta na kuunda nyingine, na kumbukumbu zilizomo, pengine za wagonjwa au za wakulima wa chama cha ushirika, zitakwenda nayo. Anayejua kutenga "seva haiingiliki" na "seva haipo" ataiendea konsoli, atajitambulisha kwa neno la siri la mfumo, na kuusahihisha mstari ule.

Kwa hiyo maelekezo yafaa yaandikwe "ingia mashineni kwa SSH" kwa njia ya kwanza, na "fika penye konsoli ya mashine" kwa ya pili. Kitenzi "kuangalia konsoli", ambacho huweza kupendekezwa kwa wepesi wake, hakifai. Kinamfanya mtu adhani kuwa ni kutazama tu, na hivyo kugawa ruhusa ya konsoli bila tahadhari. Aliyepo pale aweza kuiwasha mashine upya, kuukatiza mwanzo wa mfumo na, pasipokuwa na kinga ya ziada, kubadilisha neno la siri la msimamizi.