Istilahi za Theluji na Mporomoko Wake

Mfasiri wa Chake Chake akipewa waraka unaoeleza hatari za theluji milimani, huenda akaona haumhusu, kwani barafu aijuayo ni ile inayotiwa samaki. Lakini wako watu wetu wanaosoma na kufanya kazi katika nchi za baridi, na tangazo la hatari likifasiriwa ovyo laweza kumpoteza mtu.

Tuanze na maneno mawili yanayochanganywa. Theluji limetoka katika Kiarabu, ambamo hubeba maana zote mbili, ya kinachoanguka kutoka mawinguni na ya maji yaliyoganda. Barafu asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni theluji hasa! Kiswahili kimeyagawia kazi, nasi twashauri mgawanyo huo uheshimiwe: theluji ni chembe laini zinazoanguka, barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Kilele cha Kibo kina vyote viwili. Barafu ya Kilimanjaro ilienea kiasi cha kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2011 zilikuwa zimesalia pungufu ya 2.

Majira ya machipuko yasiitwe masika. Masika yetu ni mvua, ilhali katika milima ya Alpi miezi hiyo hiyo, Machi hadi Mei, aghalabu mchokozi ni jua. Usiku uso wa theluji huganda ukawa gamba. Jua likipanda gamba huyeyuka, maji hupenya kati ya tabaka, na mshikamano hulegea. Ndiyo maana wapitao huko kwa skii huondoka alfajiri na kushuka kabla ya adhuhuri.

Theluji inaposhuka kwa ghafla, wengi husema maporomoko. Neno hili si baya. Baada ya msiba wa Hanang wa tarehe 3 Desemba 2023 lilitumika kwa tope na likaeleweka. Walakini maporomoko ya maji hayakomi, na hili ni tukio la dakika chache. Twapendelea mporomoko, wingi wake miporomoko. Ulio mbaya zaidi ni mporomoko wa bamba: tabaka zima hukatika kwa mkupuo, hasa kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, na mara nyingi anayelikata ni mwenye skii mwenyewe kwa uzito wake.

Uzito wa kazi uko katika ngazi 5 za hatari zinazotumika Ulaya tangu 1993. Mfasiri hushawishika kuziita ya 2 na ya 3 zote "wastani". Hapo ndipo pa kuangamizana, kwa kuwa ngazi ya 3 huua wengi: haitishi kama ya 4, na watu hutoka. Wafaransa huiita kwa neno lenye maana ya kitu kilichojidhihirisha, nasi twapendekeza hatari ndogo, ya wastani, bayana, kubwa na kubwa mno. Mpaka istilahi hizi zizoeleke kama wavuvi wetu walivyozoea "angalizo" na "tahadhari" za Mamlaka ya Hali ya Hewa, mfasiri aandike nambari ya ngazi kando ya neno kila mara.