Chonga wa minazi

Chonga wa minazi (jina la kisayansi: Oryctes monoceros) ni mbawakawa mkubwa wa familia Scarabaeidae, nusufamilia Dynastinae. Ni jamaa wa mbawakawa wanaoviringisha mavi, lakini chakula chake ni minazi na miti mingine ya jamii hiyo. Katika pwani ya Tanzania, kuanzia Dar es Salaam kupitia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, Pangani na Tanga, ni miongoni mwa wadudu wanaoharibu sana zao la nazi. Spishi hii ilielezwa na mwanasayansi Mfaransa Guillaume-Antoine Olivier mwaka 1789. Neno monoceros lina asili ya Kigiriki na maana yake ni "mwenye pembe moja".

Maumbile

Chonga mpevu ana urefu wa sm 4 hivi. Mgongo wake ni mweusi au wa kahawia iliyoiva na hung'aa. Upande wa chini una nywele za kahawia.

Kichwani ana pembe moja iliyopinda kuelekea nyuma. Kwa kawaida pembe ya dume ni ndefu kuliko ya jike, lakini madume wadogo huwa na pembe fupi. Kwa hiyo ni afadhali kutazama ncha ya fumbatio: ya jike ina nywele nyingi, ya dume haina nywele nyingi. Vipapasio ni vifupi na vina vibamba vitatu mwishoni ambavyo hufunguka kama kurasa za kitabu. Kwa vibamba hivyo mdudu hunusa.

Miguu ya mbele ni mipana na ina meno ya kuchimbia. Mabawa ya mbele ni magumu na hufunika mabawa laini ya nyuma, ambayo ndiyo ya kurukia. Chonga huruka usiku. Mchana hujificha ndani ya mnazi au mahali anapozaliana.

Mzunguko wa maisha

Jike hutaga mayai meupe katika magogo ya minazi yaliyooza, visiki, marundo ya samadi na takataka za mimea. Lava ni funza mnene mweupe mwenye kichwa cha kahawia na jozi tatu za miguu, aliyejikunja kama herufi C. Hujivua ngozi mara mbili akikua, na hula vitu vilivyooza kwa miezi kadhaa. Kisha hujitengenezea chumba na kuwa pupa, na mwishowe hutoka akiwa mpevu.

Hapa kuna jambo la kukumbuka: lava hula mti uliokufa, na mpevu hula mti ulio hai. Funza anayeonekana ndani ya gogo bovu hajaharibu mnazi wowote, lakini gogo hilo ndilo linalotoa chonga watakaoshambulia minazi ya jirani.

Madhara

Mpevu hutoboa kilele cha mnazi kwenye mashina ya makuti na kutafuna majani machanga yaliyokunjwa, akinywa utomvu wake. Nyuzi zilizotafunwa husukumwa nje ya tundu. Jani likifunguka baadaye, huonekana limekatwa kwa umbo la V, kana kwamba kwa mkasi. Makuti ya namna hiyo hayafai sana kuezekea.

Chonga akifika kwenye kiini cha kilele, mnazi hufa, kwa kuwa hauna chipukizi jingine la kuendeleza ukuaji. Minazi michanga ndiyo iliyo hatarini zaidi. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huanza kuzaa baada ya miaka 6 hivi au zaidi, hivyo mkulima anayepoteza mche wa miaka mitatu hulazimika kuanza upya.

Msambao

Spishi hii hupatikana Afrika kusini kwa Sahara, kutoka magharibi hadi mashariki, na katika visiwa vya Bahari ya Hindi kama Shelisheli. Mbali na mnazi, hushambulia mchikichi, mtende na mvumo. Katika Tanzania hupatikana bara pamoja na Unguja, Pemba na Mafia.

Katika ukanda wa Bagamoyo, wingi wake hufuata wingi wa magogo. Ugonjwa wa kunyong'onyea, unaosababishwa na fitoplasma, umeua minazi mingi katika pwani ya Tanzania, na mashina yaliyoachwa yakiwa yamesimama au yameanguka huwa mazalio ya chonga.

Udhibiti

Njia ya msingi ni usafi wa shamba: kukata minazi iliyokufa, kupasua na kuchoma au kufukia magogo, na kupekua marundo ya samadi ili kutoa funza. Katika minazi michanga, chonga hutolewa tunduni kwa waya wenye ncha iliyopinda.

Utafiti wa minazi nchini hufanywa na kituo cha TARI Mikocheni, chenye shamba la utafiti Chambezi, wilayani Bagamoyo. Virusi vilivyogunduliwa Malaysia miaka ya 1960 katika spishi ya Asia, Oryctes rhinoceros, vilijaribiwa pia Tanzania dhidi ya chonga. Mitego ya ndoo yenye harufu ya etili 4-metiloktanoati, ambayo madume huitoa kuwaita wenzao, hunasa wapevu wa jinsia zote mbili. Hata hivyo, mtego peke yake hautoshi ikiwa magogo yanabaki shambani, au katika shamba la jirani, kwani chonga huruka kutoka shamba hadi shamba.