Tairi Kubwa kwa Gari la 4x4: Kweli au Porojo?

Prado nyingi za toleo la 120 na 150, na Hilux kadhaa, hutoka kiwandani zikiwa na matairi ya 265/65R17. Maana yake upana ni milimita 265, ubavu una kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kimo cha milimita 776 hivi. Hapo ndipo mwenye gari anapoanza kutamani kikubwa zaidi, na hapo ndipo kila mtu gerejini anapogeuka mtaalamu. Tuyachambue wanayosema.

"Tairi kubwa linainua gari." Kweli, ila ni nusu ya unavyotarajia. Ukihama kwenda 265/70R17, kimo cha tairi kinaongezeka milimita 26 na ushee, lakini gari linapanda 13 tu, kwa sababu nusu nyingine ya nyongeza iko juu ya ekseli. Ukienda hadi 285/70R17, unapata 27. Mpita njia hatagundua kitu. Hata hivyo milimita hizo zina kazi ambayo springi ndefu haziwezi: springi huinua bodi, ilhali difu ya nyuma inabaki palepale, kwani ekseli yake imebebwa na matairi. Kama tatizo lako ni jiwe la katikati ya njia linalogonga difu, fedha za springi utakuwa umezitupa.

"Tairi pana halizami." Uongo, tena uongo wa gharama kubwa. Kinacholibeba gari juu ya mchanga ni eneo la mpira linalogusa ardhi, na eneo hilo linategemea zaidi upepo uliomo kuliko upana ulioandikwa ubavuni. Punguza upepo kutoka psi 32 hadi 18 uone: tairi linalala, na alama yake ardhini inarefuka kwenda mbele na nyuma zaidi ya inavyotanuka pembeni. Huo urefu ndio unaokuvusha kwenye mchanga wa Turkana. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zimezunguka nchi zetu kwa miongo na tairi jembamba la 7.50R16, na hakuna aliyezicheka.

Kwenye matope hadithi inabadilika. Pale ambapo chini ya tope kuna ardhi ngumu, tairi jembamba hulikata tope na kuifikia, huku lile pana likielea na kuserereka. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga na Simiyu, ni balaa la aina yake: unajaa katikati ya kashata (vile vipande vya mpira usoni mwa tairi), tairi linageuka kipara kwa muda, na upana hausaidii kitu. Pale mimi ningetafuta kashata zilizoachana vizuri, zinazoweza kuutapika udongo tairi linapozunguka. Au ningesubiri jua. Na ukishapunguza upepo, uwe na pampu garini. Kukimbiza tairi legevu kwenye lami kunauchemsha ubavu hadi upasuke.

"Likikaa kwenye rimu bila kugusa, limetosha." Uongo. Gari lililosimama kwenye sakafu ya gereji halina mzigo, halijakata kona, na springi zake hazijabonyea. Kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, ukienda mbele na ukirudi nyuma, gari likiwa limepakia kama kwa safari. Msuguano hujificha nyuma ya gurudumu la mbele, kwenye plastiki ya ndani na madigadi. Kwa Prado na Hilux zenye springi za kiwandani, 265/70R17 mara nyingi hukaa salama. 285/70R17 mara nyingi husugua. Kuna mafundi watakaokuuzia rimu za kutokeza nje ili kukwepa msuguano huo. Beringi ndizo zitakazoulipia ujanja huo.

"Spidomita itadanganya, na mafuta yatakwisha haraka." Kweli yote mawili, ila la pili watu hulikosea hesabu. Tairi la 285/70R17 ni kubwa kwa asilimia 7 kuliko la 265/65R17. Kwa hiyo mshale unaposoma 50, gari linakwenda kasi zaidi ya lilivyokuwa likienda zamani kwa usomaji uleule. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita kusoma chini ya kasi halisi, ndiyo maana viwanda huziacha zisome juu kidogo. Tairi kubwa linaula huo ukingo wako, na trafiki mwenye tochi hapimi kwa mshale wa dashibodi yako.

Mita ya kilomita nayo inapunja. Ikisema umetembea 100, kwa kweli umetembea karibu 107. Anayegawanya lita kwa kilomita hizo ataona gari limekuwa mlevi kuliko lilivyo. Nyongeza ya kweli ipo: tairi ni zito zaidi, na injini inasukuma kana kwamba gia zote zimekuwa ndefu. Utaihisi kwenye mlima, na breki nazo zitaihisi kwenye mteremko.

"Plai kumi halitoboki." Porojo. Zamani namba hiyo ilihesabu matabaka ya pamba. Leo inapima uwezo wa kubeba mzigo, na ubavu wa tairi la "plai kumi" waweza kuwa na matabaka mawili au matatu tu. Ni imara zaidi, ndiyo, lakini pia ni gumu, na linahitaji upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo uleule. Usitegemee kibandiko cha upepo kilichoko mlangoni; kiliandikwa kwa ajili ya tairi la awali.

"Spea inaweza kubaki ile ya zamani." Uongo, hasa kwa Prado. Nyingi huendesha magurudumu yote manne wakati wote, kwa hiyo tairi moja dogo linailazimisha difu kufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Hilux ikiwekwa kwenye 4H juu ya ardhi kavu na tairi moja pungufu, mfumo mzima hukakamaa. Basi nunua matano. Kabla ya kulipa, lala chini ya Hilux upime pale spea inaponing'inia, maana tairi linaloenea vizuri kwenye magurudumu manne laweza kukosa nafasi chini ya bodi la nyuma.