Daktari wa Meno Mwenye Sare, Mbali na Kwao

Mwezi huu tunawaletea habari ya kazi ambayo wengi wetu hatukuijua: kazi ya daktari wa meno wa jeshi, aliyetumwa nchi ya mbali, yenye joto na mvua kama kwetu Kongo.

Habari yenyewe ilianzia darasani. Mtoto mmoja wa kike wa mwaka wa tano aliacha kujibu maswali. Tukimwuliza, anainamisha kichwa tu. Sisi walimu tulimgombeza, tukadhani ni uvivu. Siku ya tatu tukaona shavu limevimba. Kumbe ni jino! Usiku alikuwa halali. Kweli aibu ilitushika.

Tulipomrudisha nyumbani tukamkuta jirani yao, Papa mmoja ambaye zamani alikuwa mkalimani wa wanajeshi wa Umoja wa Mataifa kule Kivu ya Kusini, wakati wa MONUC. Alimtazama mtoto, akasema: "Walimu, kwa jino kama hili hata askari mwenye bunduki hawezi kusimama zamu. Mpelekeni hospitali leo leo." Tulimpeleka. Jioni tukarudi kwa Papa, atuhadithie.

Kwa nini jeshi lina daktari wa meno?

Majeshi yalijifunza kwa hasara. Katika vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, mwaka 1899 hadi 1902, askari walikula biskuti ngumu na nyama ya kopo, na wengi meno yao yalikuwa mabovu tangu nyumbani. Maelfu waliingia hospitali kwa ajili ya meno tu, na wengine wakarudishwa Uingereza. Mwaka 1901 sheria ya Marekani iliruhusu jeshi kuajiri madaktari wa meno 30, na baadhi yao wakapelekwa visiwa vya Ufilipino, nchi ya joto kali na mvua nyingi. Uingereza nayo iliunda kikosi chake cha madaktari wa meno mwaka 1921.

Tangu hapo ikawa desturi katika majeshi mengi: kabla askari hajapanda ndege, kwanza anafunguliwa kinywa. Jino linaloweza kumsumbua linatibiwa nyumbani, maana huko aendako barabara ni mbaya na hospitali iko mbali.

Siku yake ilivyo

Wengi wetu tunakumbuka kofia za buluu. Hospitali ya kikosi chao ya daraja la pili hupangiwa kuwa na daktari wa meno, naye hutazamiwa kuona wagonjwa 5 hadi 10 kwa siku. Unaweza kusema ni wachache. Lakini Papa anasema kazi siyo kung'oa tu. Lazima vyombo vioshwe, kisha vipikwe kwa mvuke wenye joto la nyuzi 121, ili ugonjwa wa mtu mmoja usimwingie mwingine. Jenereta ikizimika, mashine ya kutoboa nayo inakufa. Maji lazima yawe safi. Joto nalo lina vituko vyake: dawa ya kuziba jino hukauka haraka kuliko kule kwao kwenye baridi, kwa hiyo mkono lazima uwe mwepesi.

Daktari aliyefanya naye kazi alikuwa kijana kutoka Asia. Alilala chini ya chandarua, akanywa vidonge vya kuzuia malaria, akahesabu miezi ya kurudi. Mfukoni alikuwa na picha ya mtoto wake aliyeng'oka jino la mbele. Akasema, "Mimi natazama meno ya watu wote hapa, lakini jino la kwanza la mwanangu limetoka sipo." Papa akamwambia kwamba kwetu jino la utoto linarushwa juu ya paa ili jipya lije zuri. Daktari alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Sisi wakimbizi tunaelewa kimya cha namna hiyo.

Maumivu yana lugha yake

Kazi kuu ya Papa ilikuwa kutafsiri maumivu. Kabla ya kugusa chombo chochote, daktari alitaka kujua jino linauma namna gani. Ukisema, "Maji baridi yakigusa linashtuka, halafu linaacha," mara nyingi jino hilo linaweza kuzibwa na kupona. Ukisema, "Linaamka lenyewe usiku, linagonga kama ngoma," basi mshipa wa ndani umeumia, na kuziba juu juu hakutoshi. Ukisema, "Nikitafuna, ni kama jino limeinuka," huenda usaha umefika kwenye mzizi.

Ndugu wazazi, hapo ndipo tulipojiona sisi wenyewe. Daktari aliyetoka ng'ambo ya bahari aliuliza maswali matatu kabla ya kufanya lolote. Sisi tunaosema lugha moja na mtoto wetu hatukuuliza hata moja.

Tufanye nini hapa kambini?

Tupige mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi ikipatikana. Sukari na pipi tupunguze. Jino likianza kushtuka kwa baridi, tusingoje mpaka lianze kugonga. Siyo kila tundu la jino linahitaji umeme: katikati ya miaka ya 1980 ilianza kutumika nchini Tanzania njia ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuliziba. Njia hiyo inafaa sana mahali pasipo na mashine.

Tusitie petroli wala maji ya betri kwenye jino, yanaunguza kinywa. Tusing'oe kwa waya wala koleo. Maji ya vuguvugu yenye chumvi yanatuliza kidogo, lakini hayaponyeshi. Na mtoto akivimba shavu, akiwa na homa au akishindwa kumeza au kufungua kinywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku usimkute nyumbani.

Yule binti aling'olewa jino, akapewa dawa, na baada ya wiki moja akarudi darasani. Tulimwomba msamaha mbele ya wenzake. Siku hizi mtoto akinyamaza darasani, kabla ya kumgombeza tunamwuliza kwanza: "Unaumwa? Wapi? Linauma namna gani?"

Nanyi waulizeni wa kwenu leo jioni. Tuonane mwezi ujao.