Waksi ya ndai yako inaisha baada ya wiki mbili? Shida si waksi, ni vile inaoshwa

Hii stori unaijua. Jumamosi umepeleka ndai car wash, ukaongeza doh ya waksi juu ya ile ya kuosha, na ukatoka hapo gari inang'aa mpaka unajiona kwa mlango. Umepiga picha, umeweka status, mbogi imekupea heshima. Wiki mbili baadaye mvua inanyesha. Unaangalia boneti, na badala ya maji kusimama matone matone na kuteleza, yamelala tu hapo kama kwa bati kuukuu. Unaanza kulaumu: "Huyu msee aliniwekea feki."

Inawezekana ilikuwa feki. Lakini mara nyingi waksi ilikuwa sawa kabisa. Iliuawa, ulikuwepo ikiuawa, na ukamlipa aliyeiua soo tatu.

Sikucheki, mimi pia nimepitia hapo. Ndai yangu ya kwanza ilikuwa gari ndogo ya mkono wa pili kutoka Japani, rangi nyeusi. Nilikuwa napaka waksi kila mwezi na kuiosha kila wiki na sabuni ya unga. Siku ya kuiuza, mnunuzi aliizunguka mara moja tu, akaweka kidole juu ya paa, mahali rangi ilikuwa imeanza kubanduka, akaniambia, "Mkubwa, hapa ni kupaka upya. Tupunguze." Hiyo "tupunguze" ilinikula doh kuliko mikebe yote ya waksi niliyowahi kununua.

Sasa wacha nikupange, usiingie shimo nililoingia.

Kwanza, jua unalinda nini

Rangi ya gari ya siku hizi iko na tabaka kadhaa. Ile ya juu kabisa haina rangi, ni kama kioo. Mafundi wanaiita klia. Ndiyo inafanya gari ing'ae, na ndiyo inazuia jua lisichome rangi iliyo chini. Shida ni kwamba klia ni nyembamba vibaya: kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi, chini ya unene wa unywele wa kichwa chako. Ikishaisha, imeisha. Hakuna waksi itairudisha, hapo ni kuona fundi wa rangi, na fundi wa rangi haongei lugha ya mia mia.

Sasa fikiria gari za huku kwetu. Sheria inakubali gari iliyotumika iingie nchini kama haijapita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo ile "mpya" yako ilishakaa nje miaka kadhaa kabla uione. Halafu inakuja Nairobi, karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, mahali jua linachoma hata siku kuna baridi.

Waksi inakaa juu ya klia na kupigwa badala yake. Kazi yake ni kuisha ndio klia isiishe. Swali ni inaisha kwa miezi ama kwa siku.

Ile ya kitambo inaitwa carnauba. Inatoka kwa majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, na mti wenyewe unatumia hiyo nta kuzuia majani yasikauke kwa jua. Ukiitunza, inakaa kama mwezi mmoja hadi miwili. Zile za kutengenezwa kiwandani zinaweza kufika miezi minne hadi sita. Seramiki inapita mwaka, lakini bei yake iko juu na inataka rangi iandaliwe vizuri sana kabla.

Na usichanganye waksi na polishi. Polishi iko na chembe za kukwangua. Inatoa mikwaruzo kwa kula klia kidogo. Waksi haili kitu, inafunika tu. Kama kila mwezi unapigiwa polishi ukidhani ni waksi, unalipa watu wamalize gari yako polepole.

Vitu vitano vinaua waksi yako

1. Sabuni ya unga. Hii ndiyo namba moja. Ilitengenezwa kutoa mafuta kwa nguo, na kwake waksi ni mafuta kama mengine. Kila ukioshewa nayo inabeba waksi kidogo. Ikiwa ni kila wiki, mwezi hauishi.

2. Mafuta taa. Kuna lami imeshika kwa mlango, msee anachovya kitambaa kwa mafuta taa na kupangusa. Lami inatoka, ndiyo. Waksi ya hapo pia imeenda nayo.

3. Kitambaa kimoja, ndoo moja. Unajua ule mtindo wa ploti: asubuhi na mapema kuna msee anapitisha kitambaa kwa gari kumi na ndoo moja ya maji ya chai. Vumbi la murram ni mchanga. Ukilisugua kwa rangi, umepiga msasa. Zile duara ndogo ndogo unaona boneti ikipigwa na jua zinatoka hapo.

4. Ndege na miti. Mavi ya ndege yako na asidi, na yakikauka kwa jua yanakula waksi kisha yanaingia kwa klia. Kama unapaki karibu na Nyayo Stadium chini ya wale korongo wakubwa, unanielewa. Utomvu wa miti na maua ya jakaranda yaliyooza pia hayana huruma.

5. Maji ya chumvi. Maji ya borehole yakikaukia kwa gari yanaacha madoa meupe. Ukiyaacha, yanang'ang'ana hapo na waksi inachoka mapema. Watu wa Pwani, nyinyi mko na upepo wa bahari juu ya hiyo.

Ukipaka, paka ndio ishike

Waksi inashika rangi, haishiki uchafu. Ukipaka juu ya uchafu, itatoka na uchafu.

Anza kwa kuosha gari vizuri. Hii ndiyo siku moja sabuni kali kidogo inaruhusiwa, kwa sababu unataka kutoa mabaki ya waksi ya zamani. Suuza sana, kausha.

Halafu fanya tesiti ya mkate. Zamani watu walitumia karatasi ya plastiki ya duka, lakini hizo zilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo chukua ile ya mkate. Ingiza mkono ndani, pitisha vidole polepole kwa boneti. Plastiki inafanya vidole visikie vitu ambavyo macho hayaoni. Kama ni laini kama glasi, endelea. Kama inakwaruza kama msasa, kuna chembe zimejishika: vumbi la chuma kutoka breki, cheche za welding kama unapaki karibu na jua kali, lami. Hapo unahitaji udongo wa kusafishia rangi, unauzwa kwa maduka ya vifaa vya gari. Unalowesha rangi na maji ya shampuu, unateleza udongo bila kubonyeza. Ukianguka chini, tupa. Usiuokote, sasa umejaa mchanga.

Baada ya hapo:

- Paki kwa kivuli na ungoje chuma ipoe. Kama huwezi weka kiganja kwa boneti bila kuruka, bado ni moto sana.
- Chukua waksi kidogo. Kidogo kweli. Watu wengi wanapaka kama mafuta ya kujipaka baada ya kuoga. Waksi nene haidumu zaidi, ile ya juu yote unaipangusa na kuitupa.
- Fanya sehemu moja moja: boneti, kisha mlango, kisha mwingine. Usipake gari nzima kwa mara moja.
- Ikianza kuwa na ukungu, pitisha kidole. Ikitoka safi bila kupaka paka, sasa pangusa na kitambaa kisafi cha maikrofaiba. Lakini soma mkebe, kuna zingine zinataka zitolewe mara moja.
- Usiguse plastiki nyeusi za bampa, waksi inaacha alama nyeupe sugu.
- Usiinyeshee. Ipe saa 12 hadi 24 bila maji. Msimu wa mvua, cheki hali ya hewa kwanza.

Siku ya pili unaweza paka tabaka lingine jembamba. Si ati tabaka kumi zitakupa miaka kumi, la. Tabaka la pili linafunika mahali mkono uliruka.

Ukiosha, osha ndio idumu

Hapa ndipo vita inashindwa ama kupotezwa. Unahitaji vitu vinne: shampuu ya gari isiyo kali, ndoo mbili, glovu laini ya kuoshea na taulo ya maikrofaiba. Ukinunua mara moja vinakaa muda.

Ndoo moja ina shampuu, nyingine ina maji matupu. Kwanza mwagilia gari maji mengi, mchanga uanguke wenyewe. Halafu chovya glovu kwa shampuu, osha sehemu moja ukianzia juu kuja chini, kisha suuza glovu kwa ile ndoo ya pili kabla ya kurudi kwa shampuu. Magurudumu iwe mwisho, na kitambaa chake tofauti. Suuza, kausha na taulo. Usiache jua likukaushie, haswa kama maji ni ya borehole.

Ndege akikubomoa, usikwangue. Lowesha tishu, iweke juu ya hiyo kitu dakika chache, halafu inua. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi.

Na kama unaweza, kila baada ya wiki tatu au nne, baada ya kuosha, pitisha waksi ya kupuliza. Inachukua dakika kumi na inaongezea ile ya chini maisha.

Lakini mimi naoshewa, siko na bomba

Najua. Wengi wetu tunaishi ghorofa ya nne na maji yanakuja Jumatano. Kwa hivyo suluhisho si kuhama car wash, ni kuongea.

Mimi nilibeba shampuu yangu na glovu kwa mfuko, nikamwambia yule jamaa huniosheaga, "Kaka, leo tumia hii. Usiweke ile ya unga."

Akacheka. "Boss, hii haina povu ya maana. Na mimi nalipwa kwa gari. Nikiosha yako na ndoo mbili, hawa wamemaliza mbili."

Alikuwa amesema ukweli. Hatumii sabuni ya unga kwa sababu anachukia gari yako. Anaitumia kwa sababu ni bei rahisi, inatoa uchafu haraka, na hakuna mtu amewahi mlipa kwa kuwa mpole. Nikamuuliza, "Nikiongeza soo?"

"Mkubwa, ukiongeza soo naosha kama ya baba yangu."

Tangu hiyo siku ni yeye tu. Soo kila wiki ni soo nne kwa mwezi. Kabla ya hapo nilikuwa naongeza thao moja kila mwezi nikipakiwa waksi upya, na bado haikuwa inafika mwezi. Fanya hesabu mwenyewe. Na yeye pia amepata kitu juu. Sasa ananiambia wateja wengine wawili wameanza kubeba shampuu zao.

Ukifika, sema mambo matatu tu: mwagilia kwanza, tumia shampuu yangu, usipanguse na kitambaa cha magurudumu. Kama kuna lami, mwambie akuachie, utaitoa polepole na dawa yake na kupaka waksi mahali hapo tu.

Vile utajua bado iko

Usiamue kwa gari chafu. Wakati mwingine maji yanalala kwa sababu vumbi limefunika waksi, si kwa sababu imeisha. Osha na shampuu, suuza, halafu mwaga maji safi kwa boneti. Yakisimama matone ya duara na kuteleza, bado uko fiti. Yakitandaa na kukataa kuondoka, ni wakati wa kupaka tena. Angalia boneti na paa zaidi kuliko milango, kwa sababu hizo ndizo zinalala juani siku nzima. Unaweza hata kupaka hizo mbili peke yake na kuachana na zingine mpaka mwezi ujao.

Ndai ndiyo kitu ya bei kubwa zaidi wengi wetu tumewahi nunua, na bado tunailipia mkopo. Siku utataka kuiuza, hakuna mtu atauliza ulipaka waksi gani. Atazunguka mara moja, aweke kidole juu ya paa. Hakikisha hapati mahali pa kusema "tupunguze."